Joto la mwezi wa kumi linafanya kuku atotoe majogoo tupu? Naomba mwenye uelewa

MamaVifaranga_Ipuli

Wakuu habari za humu, na mwangaluka kwa wa nyumbani. Kuna jambo linanisumbua, nimeuliza majirani kila mtu ana lake. Mi nafuga kuku wa kienyeji hapa Tabora mjini upande wa Ipuli, siyo wengi, ila hela ya madaftari na sare za watoto inatoka humo humo kwa hiyo nawafuatilia kweli kweli.

Sasa mwaka jana mwezi wa kumi, wa Tabora mnajua lile joto la kabla mvua haijaanza, mchana hata ndani ya nyumba ya bati hukai, koo wangu mmoja alikuwa anaatamia kwenye kibanda cha bati upande jua la jioni linapopiga. Akatotoa, nikafurahi. Vilivyokua mpaka upanga wa kichwani ukaanza kuonyesha nani ni nani vilikuwa 11, na kati ya hao 8 majogoo, mitetea mitatu tu. Na koo mwingine aliyeatamia mwezi wa sita kwenye ile baridi ya asubuhi alitoa mitetea mingi kuliko majogoo.

Jogoo ana bei yake sokoni sikatai, lakini mi nataka mitetea ili kundi liongezeke. Jirani mmoja kaniapia kabisa kwamba joto ndo linaleta majogoo, mwingine anasema ni chakula cha mama, mwingine anasema nibadilishe jogoo huyu niliyenaye ana damu ya kiume. Hivi kuna ukweli wowote hapo? Na ndege wa porini je, mwaka wa ukame na mwaka wa mvua nzuri wanazaa sawa madume na majike? Naomba mwenye elimu anisaidie siyo kubahatisha.

Kipara_wa_Ngambo

Dada joto halihusiki kabisa. Siri ipo kwenye yai lenyewe. Yai lililochongoka sana hilo ni jogoo, la mviringo ni mtetea, bibi yangu kule Nzega alikuwa anachagua hivyo hivyo kabla hajamuwekea koo na alikuwa na mitetea hadi ya kugawa. Koo wako inaelekea ulimuwekea mayai ya kuchongoka matupu. Next taimu chagua.

MtuWaUvinza

Mwakeye wadau. Mi naona jirani wa joto msimpuuze haraka. Huku kwetu Malagarasi mamba anafukia mayai mchangani na kinachoamua kama ni dume au jike ni joto la ule mchanga, hii siyo hadithi ya wavuvi, walishakuja wataalamu wakatueleza. Kama mamba yai lake linasikiliza joto kwa nini la kuku lisisikilize? Yai si yai tu.

MwalimuWaBaiolojia_Kasulu

Dada wa Ipuli swali zuri sana, acha nikae nalijibu vizuri maana nafundisha somo hili na linanigusa.

Naanza na kaka wa Uvinza kwa sababu alichosema kuhusu mamba ni kweli tupu. Mamba hana kromosomu za jinsia, yai linapotagwa bado halijaamuliwa, linaamuliwa na joto katikati ya kuatamiwa. Mamba wa Nile mayai yakikaa kwenye nyuzi kama 30 yanatoka majike, yakikaa 32 au 33 hivi madume wanakuwa wengi. Kasa wa baharini naye anategemea joto ila kwake mchanga ukiwa wa moto zaidi ndo wanatoka majike, na huko Australia kaskazini mwa ule mwamba mkubwa wa matumbawe mwaka 2018 walitoa matokeo kwamba kasa wachanga wanaotokea fukwe za upande huo zaidi ya asilimia 99 ni majike. Fikiria hapo, dunia ikizidi kupata joto watapata wapi madume.

Lakini kuku siyo mamba. Ndege wana kromosomu za jinsia, zinaitwa Z na W. Jogoo ana Z mbili, mtetea ana Z moja na W moja. Kwa binadamu baba ndo anabeba kinachoamua mtoto wa kiume au wa kike, kwa ndege ni mama. Jogoo kila mbegu yake ina Z tu, hana cha kuchagua, kwa hiyo yule aliyekushauri ubadilishe jogoo mwambie asikutie hasara. Kinachoamua ni kwamba kiini kinapokomaa ndani ya mtetea, masaa machache tu kabla hakijadondoka kuingia kwenye mrija wa yai, kromosomu zinagawana, moja inabaki kwenye kiini na nyingine inatupwa pembeni. Ikibaki W atakuja mtetea, ikibaki Z atakuja jogoo. Baada ya hapo ndo yai linapata ute, linapata ganda, linatagwa siku inayofuata. Maana yake yai likiwa bado la moto mkononi mwako limeshaamuliwa zamani, na kibanda chako cha bati hakiwezi kulibadilisha. Tena watafiti wa Edinburgh mwaka 2010 walichunguza wale kuku wa ajabu ambao nusu ya mwili jogoo nusu mtetea, wakakuta kwa kuku jinsia ipo ndani ya seli zenyewe za mwili mzima, siyo kitu cha homoni kuja kugeuza baadaye kirahisi.

Kaka Kipara, bibi namheshimu, ila hili la umbo la yai limezunguka dunia nzima na kila mahali linasemwa tofauti. Aristotle wa Ugiriki aliandika kwamba yai refu la kuchongoka ni jike, kinyume kabisa cha bibi wa Nzega, na Warumi waliokuja baadaye wakaligeuza. Umbo la yai linatokana na mrija wa huyo mtetea anayetaga, ndo maana mtetea mmoja mayai yake yanafanana fanana maisha yake yote, na bado vifaranga vyake vinakuwa mchanganyiko.

Halafu ushahidi mwingine ambao mi huwa nawaambia wanafunzi wangu. Viwanda vya kuku wa mayai duniani vinatotolesha mabilioni ya vifaranga kila mwaka na madume hawana kazi nayo, miaka yote wanawaua siku ya kwanza. Ujerumani ilipiga marufuku kuua kuanzia 2022, Ufaransa 2023, na sasa wanatumia mashine za gharama kubwa kupima yai likiwa ndani ya mashine ili walitoe mapema kama ni dume. Ingekuwa kupandisha au kushusha joto kunatoa mitetea, nani angehangaika na hizo mashine?

MamaVifaranga_Ipuli

Mwalimu asante sana, Mungu akuzidishie. La jogoo umeniokoa nilikuwa nimeshaongea na mtu wa Cheyo tubadilishane. Sasa nikuulize, kama mama ndo anaamua, je anaamua kwa bahati tu au kuna kitu ndani yake kinapima hali ilivyo? Maana mwezi wa sita nilikuwa na pumba na mahindi ya kutosha na mwezi wa kumi hali ilikuwa ngumu walikuwa wanajitafutia wenyewe. Ndo maana nikafikiri labda ni chakula. Na zile 8 kwa 3 bado zinanikaa kichwani.

MwalimuWaBaiolojia_Kasulu

Hizo 8 kwa 3 tuanze nazo. Kila yai ni kama kurusha shilingi juu, nusu kwa nusu. Ukirusha mara 11, kupata upande wa jogoo mara 8 au zaidi kunatokea karibu mara moja kwenye kila majaribio tisa. Sasa Ipuli peke yake kuna akina mama wangapi wana koo anayeatamia mwezi huo? Kwa kila tisa tegemea mmoja wenu apate hivyo, na huyo mmoja ndo atakayezungumza kwa sababu waliopata sita kwa tano hawana cha kusimulia. Ukitaka kuona kama kweli kuna kitu inabidi uhesabu makundi mengi, ya joto na ya baridi, siyo lile lililokushtua tu.

Jambo la pili, na hili ni zito zaidi. Wewe umehesabu waliofika umri wa kutambulika. Mayai yalikuwa mangapi? Mangapi hayakuanguliwa? Mwewe alichukua wangapi? Kama mitetea midogo ilikufa zaidi au majogoo madogo yalikufa zaidi hesabu yako ya mwisho inapinda hata kama mama alitaga nusu kwa nusu. Wanaochunguza ndege hili ndo linawatesa kuliko yote, inabidi watofautishe walivyotagwa na walivyobaki.

Sasa kuhusu mama kupima hali. Hapa ndo patamu, kwa sababu kwa ndege wengine wa porini jibu ni ndiyo, na ni ndiyo kubwa. Kuna ndege mdogo mla wadudu yuko Shelisheli, alikuwa amebaki kwenye kisiwa kimoja tu cha Cousin, hekta kama 29, miaka ya 1960 walikuwa hawafiki hata 30. Walipohifadhiwa wakajaa kisiwani hadi kila jozi ikawa na kaeneo kake inakolinda. Huyu ndege kawaida anataga yai moja tu. Watoto wa kike mara nyingi hawaondoki, wanabaki na wazazi kusaidia kuatamia na kulisha wadogo zao. Watoto wa kiume wao wanahama.

Mtafiti Jan Komdeur na wenzake wakawa wanahesabu wadudu chini ya majani kila eneo, wajue wapi kuna chakula kingi wapi kidogo. Wakakuta, na walitoa haya mwaka 1997, kwenye maeneo yenye wadudu wachache asilimia 77 ya vifaranga walikuwa wa kiume, na kwenye maeneo mazuri wa kiume walikuwa asilimia 13 tu, waliobaki wote wa kike. Sababu ukiiangalia inaeleweka: penye chakula kingi binti anayebaki ni mkono wa kusaidia, penye njaa binti anayebaki anakula wadudu wale wale wachache ambao mdogo wake angekula, bora uzae wa kiume aende akajitafutie mbele. Na hawakuishia kuangalia, walihamisha jozi zilizokuwa maeneo mabaya wakazipeleka visiwa vingine kwenye maeneo mazuri, ndege wale wale waliokuwa wanatoa wa kiume wakaanza kutoa wa kike. Na haikuwa vifo, mayai yenyewe ndo yalikuwa yamebadilika. Mi kila nikilifundisha hili darasa zima linanyamaza, maana kiumbe kinachoshikika kwenye kiganja kinafanya hesabu ambayo sisi tunahitaji daftari.

MtuWaUvinza

Mwalimu hapo umenikamata. Kwa hiyo kanuni ni kwamba njaa inaleta madume? Maana hiyo ingemuunga mkono dada, mwezi wa kumi chakula kidogo majogoo wengi.

MwalimuWaBaiolojia_Kasulu

Hapana kaka, usiifanye kanuni, inategemea ndege huyo anaishije. Kuna wataalamu wawili Trivers na Willard mwaka 1973 walitoa wazo ambalo kwa wanyama wengi linakwenda kinyume cha hao wa Shelisheli: mama mwenye afya azae madume kwa sababu dume mwenye nguvu atapata majike wengi, mama dhaifu azae majike kwa sababu jike hata akiwa mdogo mdogo atazaa tu. Mfano unaolingana na hilo ni kakapo, kasuku mkubwa wa New Zealand asiyeruka, mwaka 1995 duniani kote walikuwa wamebaki 51. Watu wa uhifadhi wakawalisha chakula cha ziada majike wapate nguvu ya kutaga, nia njema kabisa, wakaja kugundua majike waliolishwa wanatoa madume wengi mno, na aliyekuwa anahitajika ni jike! Wakabadilisha utaratibu, msimu wa 2002 wakawa wanalisha kwa kuangalia uzito wa kila jike asinenepe kupita kiasi kabla ya kutaga, walipata vifaranga 24 waliokua na ule wingi wa madume ukaondoka. Hili ni moja ya matukio machache ambapo nadharia ya uwiano wa jinsia imesaidia kabisa kuokoa ndege aliyekuwa anaisha.

Shakwe nao, wale ndege wa pwani, kuna waliokuwa wananyang'anywa mayai ili watage zaidi ya kawaida, mama anachoka, mwili unaisha, na kadiri alivyochoka mayai yake yalielekea kuwa majike zaidi na vifaranga vya kiume vikawa vinakufa zaidi kwa sababu dume wa shakwe ni mkubwa anahitaji chakula kingi kukua.

Kwa kuku wa nyumbani hakuna kitu kama hicho kilichosimama imara. Wamejaribu homoni, wamejaribu kumbana chakula, kundi moja la watafiti linapata madume zaidi, jingine linapata majike zaidi, na ukiweka makundi makubwa pamoja inarudi nusu kwa nusu.

FundiInkubeta_Mwanga

Salaam kutoka Kigoma mjini, Mwanga. Mi natotolesha mayai ya watu kwa mashine, hata ya kanga na kware, nimesoma uzi wote nikaona niongeze ya mikononi.

Mashine ya kuku ni nyuzi 37.5 siku 21. Umeme ukikatika na ukirudi vibaya mashine ikapanda ikapita 39 kwa masaa mengi, nachokiona ni vifaranga vichache, vinatoka mapema, vingine kitovu hakijafunga, vingine miguu imelegea. Wateja wangu wanarudi baada ya miezi kunipa habari na sijawahi kusikia kwamba trei iliyopata joto imetoa mitetea tupu au majogoo matupu. Joto linaua, halichagui. Kwa hiyo mama wa Ipuli kile kibanda cha bati ondoa koo hapo, siyo kwa ajili ya jinsia, ni kwa ajili ya mayai yatakayooza na koo mwenyewe atakayesimama kuhema badala ya kulalia. Na mayai kabla hujamuwekea usiyakusanye wiki mbili ndani ya nyumba ya joto, yai la kutotolesha likikaa sehemu ya joto kijusi cha ndani kinaanza kukua kidogo kidogo halafu kinafia njiani. Chumba chenye ubaridi, siku zisizidi saba, ncha iangalie chini.

MwalimuWaBaiolojia_Kasulu

Fundi umesema vizuri sana, na hiyo ya joto linaua niongezee kidogo kwa sababu kuna ndege mmoja ambaye kwake joto linaua na linachagua pia. Yuko Australia, kwa kisayansi Alectura lathami, kwa mbali utafikiri bata mzinga. Huyu haatamii. Dume anakusanya lundo kubwa la majani na udongo, majani yanapooza yanatoa joto, majike wanakuja kufukia mayai humo na dume kazi yake ni kuchimba chimba na kupima joto kwa mdomo, likizidi anafunua likipungua anaongeza majani. Mwaka 2005 walionyesha kwamba mayai yakikaa nyuzi 31 vinatoka vifaranga vya kiume zaidi, 34 nusu kwa nusu, 36 vya kike zaidi. Ukisikia hivyo unaweza kusema basi ni kama mamba, lakini siyo, kromosomu zake ni Z na W kama kuku. Kinachotokea ni kwamba vijusi vya jinsia moja vinakufa zaidi kwenye baridi na vya jinsia nyingine vinakufa zaidi kwenye joto. Ndo maana nilimuuliza dada mayai mangapi hayakuanguliwa. Na hapo kwenye lundo, hali ya hewa ikibadilika miaka ikawa ya moto mfululizo, uwiano wao unaweza kuyumba.

Kipara_wa_Ngambo

Mwalimu nimekuelewa. Ila sasa mwisho wa siku mama wa watu anataka mitetea. Afanyeje?

FundiInkubeta_Mwanga

Kuna njia moja ya uhakika ambayo haihitaji mashine ya kupima. Tafuta mitetea ya ile mistari mistari myeupe na myeusi mwili mzima, uwaweke na jogoo mwekundu au wa kahawia ambaye hana mstari hata mmoja wala siyo mweupe. Vifaranga vikitoka, vile vyeusi vyenye doa jeupe juu ya kichwa ni majogoo, vyeusi vyenye kichwa cheusi kisicho na doa ni mitetea. Siku ya kwanza unawatenganisha. Ukigeuza ukaweka jogoo wa mistari na mtetea mwekundu haifanyi kazi, wote watatoka na doa.

MwalimuWaBaiolojia_Kasulu

Sahihi kabisa, jeni ya mistari iko juu ya Z. Mama wa mistari Z yake moja anamrithisha mwanae wa kiume tu, binti anapata Z ya baba asiye na mistari. Haiongezi mitetea, bado ni nusu kwa nusu, ila inakuwezesha kuuza majogoo mapema na chakula kizuri kiende kwa mitetea unayobaki nayo.

MamaVifaranga_Ipuli

Nimesoma yote mara mbili. Mtetea wa mistari ninaye mmoja na dada yangu Sikonge ana wengine wawili, jogoo mwekundu ndo huyu huyu niliyetaka kumtoa. Koo nimeshamhamishia chini ya mwembe leo hii. Mwalimu nikitaka kuhesabu kama ulivyosema niandike nini na nini?

MwalimuWaBaiolojia_Kasulu

Daftari moja tu dada. Kila koo akianza kulalia andika tarehe na idadi ya mayai. Siku ya kutotoa andika yaliyoanguliwa na yasiyoanguliwa. Kila kifaranga kinachokufa au kuchukuliwa na mwewe andika siku hiyo hiyo usisubiri, na kama kina doa kichwani au hakina. Wakifika miezi miwili mitatu andika majogoo wangapi mitetea mingapi. Fanya hivyo kwa makoo wote, wa joto na wa baridi, hata wale ambao hawajakushangaza. Na mwambie dada yako wa Sikonge afanye hivyo hivyo ili mjumlishe.